Nilimkataa mzee mlangoni mwa IRM, sasa nina masaa 48 ya kujieleza

Yaya, ndugu yangu mkubwa, salamu kutoka Katuba.

Ninakuandikia usiku, watoto wamelala, na karatasi iko hapa mezani mbele yangu. Ni barua ya kuomba maelezo. Wewe uliyefanya kazi miaka mingi unaijua: masaa 48 uwe umejibu, na usipojibu hilo nalo linahesabiwa kosa. Nimeipokea leo saa kumi za jioni, mbele ya wenzangu wote wa serivisi.

Mimi ni fundi wa picha za tiba. Nilianza kwenye radio (picha za eksirei), nikapelekwa skana (CT), na huu ni mwaka wa tatu niko kwenye IRM (MRI), mashine inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku kubwa. Yetu ina nguvu ya tesla 1.5, katika kliniki moja ya binafsi hapa Lubumbashi. Tuko mafundi wawili tu. Daktari anayesoma picha yuko Kinshasa, tunamtumia kwa intaneti.

Jumanne iliyopita aliletwa baba mmoja mzee kutoka Likasi. Kichwa kinamuuma tangu miezi mingi, na mkono wa kushoto umeanza kulegea. Alikuja na vijana wake wawili, walitoka kwao alfajiri, na walikuwa wamekwisha kulipa. Nikamuuliza kama kawaida: "Baba, una chuma mwilini?" Akasema hapana. Nilipomshika mkono aketi, nikaona ngozi yake imejaa makovu madogo madogo ya cheche. Nikamuuliza alifanya kazi gani. Akaniambia kuchomelea na kusaga vyuma, karibu miaka thelathini. "Hakuna kitu kimewahi kukuingia jichoni?" Mzee akacheka: "Mwanangu, mara ngapi! Tulikuwa tunatoleana wenyewe kwa kijiti cha kiberiti."

Nikasimamisha kila kitu. Nikasema haingii mpaka apigwe kwanza radio ya macho, na radio yetu ilikuwa imeharibika tangu Jumapili. Vijana wake wakapandisha sauti. Docta mkurugenzi akatoka ofisini, akaniambia mbele yao: "Mpitishe. Amelipa. Macho hayo amekaa nayo miaka yote." Nikasema hapana. Nikarudi kwenye kiti changu nikamwita mgonjwa mwingine. Wakarudishiwa pesa, wakaenda zao, na mmoja aliniambia kwamba baba yake akifa, mimi ndiye nitakayemlipa.

Barua inasema nimemdharau mkubwa wa kazi na nimeipotezea kliniki mapato.

Yaya, si mara ya kwanza. Mwezi uliopita mkubwa mmoja alikuja kupigwa picha ya mgongo, na mlinzi wake alitaka kuingia naye ndani akiwa na bunduki begani. Nilisimama mlangoni, akanitazama kama mdudu. Wiki moja baadaye umeme ulikatika, nikatoka kwenda kunywa maji, niliporudi nikamkuta mama wa usafi amekwisha kufungua mlango, na ndoo yenye mshikio wa chuma mkononi. Akaniambia: "Si umeme umekwenda? Si mashine imezimwa?" Kila siku mimi ndiye wa kusema hapana. Wauguzi wananiita "Mama Hapana". Nimechoka kuchukiwa.

Na kuna jambo ambalo sijamwambia mtu kazini: nina mimba ya miezi miwili na nusu. Mama yangu analia kila Jumapili kwamba miale ya mashine ile itamchoma mtoto. Mume wangu anasema niombe msamaha kwa maandishi, yaishe, kwa sababu bukari (ugali) ya watoto haitoki kwenye ukweli. Mshahara wenyewe hawajanilipa miezi miwili, wananiambia nivumilie.

Niandike nini kwenye karatasi hii? Niombe msamaha? Au niache kazi?

Anayekaa mlangoni, Katuba

---

Mdogo wangu,

Usiombe msamaha kwa kumzuia yule mzee. Ulifanya kazi yako. Kuna sehemu moja ya siku ile ambayo hukuifanya vizuri, nitakuambia mbele kidogo, lakini si hiyo wanayokuandikia.

Docta wako anasema macho hayo mzee amekaa nayo miaka yote. Ni kweli, amekaa nayo nje ya sumaku. Mwaka 1986 madaktari wa Marekani waliandika habari za mfanyakazi wa mabati aliyepoteza jicho moja baada ya kupigwa IRM. Ndani ya jicho kulikuwa na kipande cha chuma cha milimita 3.5 hivi, mwenyewe hana habari nacho. Na mashine ile ilikuwa ya tesla 0.35 tu. Yako ina nguvu zaidi ya mara nne ya hiyo. Chuma kilichokaa kwenye nyama ya paja au bega hufungwa na kovu, kikatulia. Jichoni hakuna kovu la kukishika vile. Kinageuka, kinakata, damu inajaa jichoni, na mtu anaamka kitandani haoni. Hilo ndilo ulilomwepusha mzee, na ulijua kwa kutazama mikono yake. Nimewafundisha vijana wengi kazi hii, na si wengi wanaotazama mikono.

Sasa karatasi. Ijibu kesho asubuhi, usingoje saa ya mwisho. Andika ukurasa mmoja, usipitishe. Usiweke uchungu ndani yake, wala usimtukane docta, wala usijisifu. Weka tarehe, saa, na mambo kwa mfuatano. Mfano: "Saa mbili na dakika ishirini nilimpokea mgonjwa. Alinieleza kwamba amefanya kazi ya kuchomelea vyuma, na kwamba vipande vya chuma vimewahi kumwingia machoni. Picha ya radio ya macho haikuwepo na mashine yetu ya radio ilikuwa na hitilafu. Niliahirisha uchunguzi hadi picha hiyo ipatikane. Docta mkurugenzi aliagiza uchunguzi uendelee. Sikuuendeleza kwa sababu ya hatari ya mgonjwa kupoteza jicho." Basi. Fungamanisha kopi ya fomu ya maswali, ile ambayo mzee ameitia sahihi au dole gumba. Kama siku ile hukuijaza kwa sababu ya kelele, sema hivyo hivyo, usiijaze leo ukaweka tarehe ya Jumanne. Karatasi ya uongo moja itaua kumi za kweli.

Neno la kuomba radhi nakuruhusu moja tu, nalo ni kweli: kwamba mabishano yalitokea mbele ya mgonjwa. Kwa hilo nawe una sehemu yako.

Halafu mwishoni weka ombi, na hapa ndipo ninapotaka ukae kidogo. Andika: "Ninaomba uongozi uamue kwa maandishi ni nani atakayetia sahihi ili mgonjwa aingie kwenye sumaku wakati maswali ya usalama hayajakamilika." Usimpe nakala kwa mkono ukaondoka. Peleka mbili, moja irudi kwako na muhuri wa kupokelewa, uende nayo nyumbani.

Kwa nini ombi hilo? Kwa sababu shida yako kubwa, nilivyoisoma barua yako mara tatu, si docta. Ni kwamba ile "hapana" imekuwa yako. Inatoka kinywani mwako, kwa hiyo wanaona ni tabia yako, ni kiburi cha binti wa Katuba, wanakupa na jina. Hapana ya IRM haipaswi kuwa na mwenyewe. Inatakiwa iwe ya nyumba, imeandikwa, imetiwa sahihi na docta huyo huyo siku ambayo hakuna mgonjwa mlangoni, siku ametulia ametoka kunywa chai. Mtu asiye na damu moto atasaini kwamba aliyewahi kuingiwa na chuma jichoni hupigwa radio kwanza, mwenye betri ya moyo haingii mpaka daktari wa picha atoe ruhusa, silaha hazivuki mlango. Ibandike ukutani, kubwa, kwa Kiswahili na Kifaransa. Siku nyingine kijana wa watu akipandisha sauti, wewe unamwonyesha ukuta. Na daktari wenu wa Kinshasa mwingize humo. Kupima kama faida ya picha inazidi hatari ni kazi yake yeye kabla ya kuwa yako, na simu anayo. Siku ile ungempigia, docta mkurugenzi angebishana na daktari mwenzake, si na wewe.

Nilisema kuna mahali hukufanya vizuri. Ulirudi kwenye kiti ukaita mgonjwa mwingine. Mdogo wangu, watu wametoka Likasi, kilomita 120, na baba ambaye mkono unalegea, na wewe umewaacha kwenye korido na neno moja. Radio yenu imeharibika, lakini Lubumbashi nzima hakuna radio? Picha ya macho ni moja au mbili, mtu anatazama juu, anatazama chini, dakika chache imekwisha, na bei yake ni ndogo sana ukiilinganisha na IRM. Ungewaandikia karatasi, ukawaelekeza, ukawaambia "nafasi yenu nawashikia hadi saa tisa", wangerudi. Wangekasirika, ndiyo, lakini wangerudi. Badala yake baba amerudi Likasi na kichwa chake kilekile.

Na kuna la kabla ya hapo. Maswali yako yanaanzia mlangoni, wakati watu wamekwisha kulipa na kuvua viatu. Yanatakiwa yaanzie kwenye simu, siku ya kutoa randevu, yaani miadi. Anayepokea simu apewe karatasi ya maswali sita saba asome. Na swali lile la "una chuma mwilini?" litupeni. Kila mtu hujibu hapana, kwa sababu hakuna anayejiona ana chuma. Muulize alifanya kazi gani tangu ujana. Hapa kwetu, katika nchi ya migodi na karakana, hilo ndilo la kwanza. Muulize kama amewahi kupasuliwa, wapi, na waliweka nini. Kama amewahi kupigwa risasi, maana tunapokea ndugu waliokimbia vita vya mashariki na wengine wanatembea na vipande wasivyovitaja mpaka uulize kwa heshima, pembeni, bila umati. Kwa akina mama uliza nywele: pini ndani ya wigi, uzi wa chuma kwenye msuko, sindano ya kitambaa. Na uliza kuhusu kitu kilichofungwa kiunoni au kushonwa chini ya nguo, bila kucheka na bila kuhubiri. Mtu akijua hutamhukumu, atakuonyesha, ataivua, utamwekea kwenye bahasha na kumrudishia. Rozari vilevile. Wengine huificha mkononi kwa sababu wanaogopa lile bomba, na wana haki ya kuogopa, lakini mnyororo wake unaweza kuwa wa chuma.

Mimi mwenyewe, miaka ya mwanzo, nilipokuwa ninajifunza IRM ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa, niliingia na makasi mfukoni mwa koti. Nilikuwa ninafundisha watu wengine kuacha vitu nje. Sikuhisi kitu mlangoni, sikuhisi kitu hatua ya kwanza, halafu mfuko ukainuka wenyewe na makasi yakaenda. Kitanda kilikuwa kitupu, namshukuru Mungu. Mashine za siku hizi zimezibwa vizuri hata nguvu ya sumaku haitawanyiki mbali, lakini kwa sababu hiyohiyo ukikaribia inapanda ghafla. Mtu anafikiri yuko salama kwa kuwa hatua iliyopita ilikuwa salama. Tangu siku ile nguo yangu ya kazi haina mifuko. Nakushauri nawe ushone hivyo.

Yule mlinzi mwenye bunduki. Hapo hakuna mazungumzo, wala cheo. Januari 2023, São Paulo huko Brazil, mwanaume mmoja alimsindikiza mama yake kwenye IRM akiwa amebeba bastola kwa siri. Kliniki ilisema waliulizwa kama kawaida. Sumaku iliivuta bastola, ikafyatuka, risasi ikampata tumboni, na wiki chache baadaye alifariki. Usimwambie mlinzi "huruhusiwi", maana hapo unagusa heshima yake. Mwambie "bunduki yako itajifyatua yenyewe na mkubwa wako amelala pale". Mwekee kiti nje ya mlango, mahali anapomwona mtu wake kwa dirisha la chumba cha komputa. Walinzi wengi wanachotaka ni kuona.

La mama wa usafi ndilo lililonikosesha usingizi, zaidi hata ya bunduki. Bunduki kila mtu anaiogopa, ndoo hakuna. Umeme ukikatika, taa zinazimika, feni zinanyamaza, na akili ya kila mtu inasema mashine imekufa. Sumaku haijafa. Umeme wake unazunguka ndani ya waya uliozamishwa kwenye heliamu, gesi iliyogeuzwa maji kwa baridi ya nyuzi 269 chini ya sifuri, na kwa baridi ile unazunguka bila kulishwa na mtu. SNEL, shirika la umeme, ikate, ikae siku nzima, ndoo itaruka vilevile. Januari 2018, Mumbai, India, kijana wa miaka 32 aliyekwenda kumtazama ndugu yake hospitali aliingia kwenye chumba cha IRM na chupa ya oksijeni, na jamaa zake walisema waliambiwa mashine imezimwa. Sumaku ilivuta chupa pamoja naye. Hakutoka mzima.

Kwa hiyo mlango ufungwe kwa ufunguo kila unapotoka, hata kwenda kunywa maji, na ufunguo uwe shingoni mwenu ninyi mafundi wawili tu, kwenye kamba. Mama wa usafi umwite, keti naye, mpe ndoo ya plastiki tupu na fagio la mti ambavyo havitoki chumba kile. Kama una kipande kidogo cha chuma kilichofungwa kwenye uzi imara, simama naye pale mlangoni mwonyeshe kinavyovutwa. Hatasahau, na atawaambia wengine kuliko utakavyoweza wewe. Karibu na umeme huohuo, usiache kuandika kila asubuhi kiwango cha heliamu kwenye daftari. Umeme ukikatika kwa muda mrefu, pampu ya baridi inasimama na heliamu inaanza kuchemka. Daftari lile ndilo litakalomshawishi mwenye kliniki anunue jenereta la kutosha, kwa sababu heliamu ni lugha ya pesa, na hiyo anaielewa.

Sasa mtoto. Mwambie mama apumzishe macho. IRM haina miale ya eksirei kama radio na skana. Inatumia sumaku na mawimbi, na fundi mjamzito anaruhusiwa kuendelea: kumpanga mgonjwa kitandani, kuingia na kutoka. Jambo moja tu unaliacha: usibaki ndani ya chumba wakati mashine inapiga picha, hata kumshika mkono mtoto anayelia. Aingie mwingine, bibi yake, muuguzi, ambaye umemkagua. Lakini barua yako inasema mko mafundi wawili, na ulitoka radio na skana. Wakikurudisha huko kuziba pengo, hapo hadithi ni nyingine. Kule kuna miale. Kanuni ya kimataifa inataka mtoto aliye tumboni asipate miale zaidi ya milisivati 1 tangu mama anapotangaza mimba hadi kujifungua, na huwezi kulihesabu hilo bila kuvaa kipimo cha miale kifuani na kingine tumboni. Na mimba isiyotangazwa hailindwi na mtu. Itangaze kwa maandishi wiki hii, baada ya kujibu barua, si ndani yake. Zisichanganywe, wasije wakasema unajificha nyuma ya tumbo. Sheria ya kazi ya 2002 inampa mama mfanyakazi wiki 14 za likizo ya uzazi. Mwenzako naye anatakiwa ajue mapema, kwa kuwa wiki hizo atakuwa peke yake mlangoni.

Kuacha kazi? Mume wako simlaumu, anayehesabu unga ana haki ya kusema. Lakini usiache kabla hujaona jibu lao. Ukiondoka leo, karatasi ile inabaki inasema ulimdharau mkubwa, na hakuna nyingine ya kuijibu. Wakikuandikia, kwa maandishi, kwamba lazima uwapitishe watu bila kukaguliwa, hapo toka, na barua hiyo uichukue kwenda nayo kwa mkaguzi wa kazi pamoja na miezi yako miwili ya mshahara. Sidhani wataiandika. Watu husema kwa mdomo mambo ambayo mkono unakataa kuyaandika.

Kuna jambo moja ningependa ulifanye hata kabla ya kulala. Namba ya simu ya mzee iko kwenye rejista. Kesho mapema wapigie vijana wake, wewe mwenyewe. Wataanza kwa kukutukana, waache wamalize. Waambie picha ya macho inaweza kupigwa hukohuko Likasi, waitume kwa simu kwa daktari wa picha aisome, ikiwa safi baba anapata nafasi ya kwanza siku hiyo. Isipokuwa safi, skana ya kichwa anaweza kupigwa bila hatari ya sumaku, na itaonyesha mengi. Mkono unaolegea haungoji ninyi mmalize ugomvi.

Yaya